Namna ya Kusoma Jalada la Rufaa katika Kesi ya Mtoto Aliyeshambuliwa: Mwongozo kwa Wasaidizi wa Kisheria na Wazazi wa Mtwara na Lindi

Jaji anayesikiliza rufaa mjini Mtwara hamwoni mtoto. Haoni kovu, hasikii sauti inavyokatika, wala hajui kwamba kijiji kizima cha huko Tandahimba au Nachingwea kina hakika na kilichotokea. Mbele yake kuna jalada tu: hati ya mashtaka, mwenendo wa shauri, vielelezo vilivyopokelewa, hukumu ya mahakama ya chini na sababu za rufaa. Msaidizi wa kisheria, afisa ustawi wa jamii au mzazi anayetaka kujua kama hatia itasimama hana budi kuzisoma karatasi hizo hizo, akiweka kando yale anayoyajua kwa kusikia. Maelezo yanayofuata yanahusu mashambulio ya kupigwa na pia makosa ya kujamiiana, kwa sababu kanuni nyingi za kupima ushahidi ni zile zile, na pale zinapoachana nitasema. Namba za vifungu ni za toleo la sheria la mwaka 2022. Toleo lililofuata limepanga upya baadhi ya namba, kwa hiyo linganisha kabla hujaandika chochote cha kupeleka mahakamani.

Jua kwanza upo ngazi gani

Kesi iliyoanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hukatiwa rufaa Mahakama Kuu, na kwa mikoa ya Mtwara na Lindi masjala yake ipo Mtwara mjini. Hiyo ndiyo rufaa ya kwanza, na ndiyo yenye nafasi pana kuliko zote. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wa mwaka 1957, msimamo ni kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya, kuuchambua na kufikia hitimisho lake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Ikiwa jaji alisema tu kwamba hakimu alikuwa sahihi bila kuugusa ushahidi wenyewe, hilo peke yake ni kosa la kisheria.

Rufaa ya pili huenda Mahakama ya Rufani, ambayo hufanya vikao vyake Mtwara pia. Hapo mlango ni mwembamba. Kifungu cha 6(7)(a) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141, kinaruhusu hoja za kisheria tu, si hoja za ukweli wa tukio wala uzito wa adhabu. Mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya jambo lililotokea, Mahakama ya Rufani haiingilii isipokuwa imeonyeshwa kwamba ushahidi ulieleweka vibaya, au kanuni ya kisheria ilikiukwa hadi haki ikapotea. Msimamo huo umewekwa katika uamuzi wa mwaka 1981 ambao bado unatajwa karibu kila kikao. Hoja ya ukweli ambayo haikutolewa Mahakama Kuu kwa kawaida haisikilizwi huko juu. Ndiyo maana nashauri nguvu nyingi ziwekwe katika rufaa ya kwanza, hata kama mrufani anaamini kwamba majaji watatu watamwelewa kuliko mmoja.

Kuhusu muda, aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatakiwa kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha kuwasilisha petisheni ndani ya siku 45, na siku alizosubiri kupata nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Aliyeko gerezani, kwa mfano Lilungu, hupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Mzazi wa mtoto hana haki ya kukata rufaa mwenyewe pale mshtakiwa anapoachiwa na mahakama hizo, kwa kuwa haki hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, mwenye siku 30 za notisi na 45 za petisheni. Basi mzazi asiyeridhika aende mapema katika Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa wake, asisubiri mwezi uishe. Mahakama ya mwanzo ina utaratibu tofauti. Mlalamikaji wa huko anaweza kukata rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30, na Sheria ya Ushahidi haitumiki katika mahakama za mwanzo, kwani zina kanuni zake za ushahidi.

Fungua ukurasa wa mtoto kabla hajaanza kueleza

Watu wengi huruka ukurasa huu na kukimbilia simulizi. Usiuruke. Kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kama kilivyorekebishwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 2016, kinasema mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kuapa au kuthibitisha, lakini kabla ya kutoa ushahidi huo ni lazima aahidi kuiambia mahakama ukweli na kutosema uongo. Mtoto wa umri mdogo ni yule ambaye umri wake unaoonekana hauzidi miaka 14. Kabla ya marekebisho hayo hakimu alipaswa kupima akili ya mtoto na kuandika matokeo ya upimaji huo, na ukisoma hukumu za zamani utaona rufaa nyingi zikianguka au kufaulu kwa jambo hilo.

Mahakama ya Rufani imeeleza jinsi ya kuifikia ahadi hiyo, katika Rufaa ya Jinai Na. 168 ya 2018 na pia katika Na. 272 ya 2018, ambayo ilisikilizwa hapa hapa Mtwara. Hakimu humwuliza mtoto maswali mepesi: umri wake, dini yake, kama anaelewa maana ya kiapo. Akionekana anaelewa, huapishwa kama shahidi mwingine. Asipoelewa, huulizwa kama anaahidi kusema kweli, na ahadi yake huandikwa. Ukurasa uliokaa sawa husomeka hivi:

"Nina miaka tisa. Nasoma darasa la tatu. Naenda madrasa. Sijui kiapo ni nini. Naahidi kuiambia mahakama ukweli, sitasema uongo."

Ukurasa wenye matatizo husomeka hivi: "Mtoto ana akili ya kutosha na anajua umuhimu wa kusema kweli. Atatoa ushahidi bila kiapo." Hapo hakimu amesema yeye, mtoto hajaahidi lolote. Rufaa kadhaa zimefaulu kwa sababu ya sentensi mbili kama hizo, kwani ushahidi wa mtoto ulionekana hauna thamani na uliobaki haukutosha. Hata hivyo zipo hukumu za karibuni ambazo Mahakama ilikataa kuuondoa ushahidi kwa kasoro hiyo tu, pale ilipotosheka kwamba mtoto alisema kweli. Kwa maoni yangu, mrufani anayetegemea kasoro hii pekee anacheza kamari, na upande wa mashtaka unaoamini kwamba haina madhara unacheza kamari hiyo hiyo. Ukiiona, fanya hesabu ya pili papo hapo: ushahidi wa mtoto ukiondolewa wote, kinabaki nini?

Angalia pia lugha. Mtoto aliyelelewa na bibi yake Newala au Ruangwa huenda akajieleza vizuri kwa Kimakonde au Kimwera kuliko kwa Kiswahili. Ikiwa alitumia mkalimani, mwenendo uonyeshe kwamba mkalimani alikuwapo na aliapishwa.

Umri

Katika makosa ya kujamiiana umri ni sehemu ya kosa lenyewe. Kifungu cha 130(2)(e) cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamlinda msichana wa chini ya miaka 18, awe ameridhia au hakuridhia. Adhabu ya kubaka si chini ya miaka 30, na mhanga akiwa chini ya miaka 10 adhabu ni kifungo cha maisha. Kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja inaweza kubadili kila kitu, na jaji atatafuta umri katika ushahidi. Umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka si uthibitisho. Umri ambao hakimu ameuandika juu ya ukurasa, kabla mtoto hajaanza kutoa ushahidi, nao hautoshi. Unaokubalika ni ule uliosemwa kizimbani na mhanga mwenyewe, mzazi, ndugu au daktari, au ulioonyeshwa na cheti cha kuzaliwa, na mara nyingine mahakama hukisia kutokana na mazingira yaliyothibitishwa, kama vile darasa analosoma.

Kusini hapa hujitokeza utetezi ambao sehemu nyingine hausikiki sana: kwamba binti alikwisha kuchezwa unyago, au kijana alikwisha kutoka jandoni, na kwa desturi ni mtu mzima. Desturi hiyo ina heshima yake, lakini kwa umri wa kisheria haina uzito wowote. Ina faida moja tu katika jalada. Mzazi anayeweza kueleza kwamba mwanawe alizaliwa mwaka fulani, akaingia jandoni akiwa na miaka kadhaa, anaonyesha kwamba anaujua umri wa mtoto wake, na huyo haondolewi kirahisi kwenye neno lake wakati wa maswali ya dodoso, yaani maswali anayoulizwa shahidi na upande wa pili.

Kupima maneno ya mtoto

Uamuzi uliochapishwa katika ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 2006, ukurasa wa 379, unasema ushahidi wa kweli wa kosa la kubaka hutoka kwa mhanga. Kifungu cha 127(6) cha Sheria ya Ushahidi kinaongeza kwamba katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi imeridhika, kwa sababu zilizoandikwa, kwamba anasema kweli tupu. Maneno "sababu zilizoandikwa" ndiyo yanayosahauliwa. Baadaye Mahakama ya Rufani ilifafanua kwamba haikukusudiwa neno la mhanga lipokelewe kama lilivyo bila kupimwa. Tafuta katika hukumu aya ambamo hakimu anaeleza kwa nini alimwamini mtoto. Usipoipata, jaji wa rufaa ya kwanza atalazimika kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Katika shambulio la kupigwa, usikitumie kifungu cha 127(6) kama nguzo. Kimeandikwa kwa ajili ya makosa ya kujamiiana. Sheria haidai idadi fulani ya mashahidi, lakini busara ni kutafuta kitu kinachoyaunga mkono maneno ya mtoto.

Chukua mfano wa kubuni. Mvulana wa miaka tisa anaishi kwa mjomba wake. Anasema mjomba alimchapa kwa fimbo mgongoni na mkononi siku za kuokota korosho, kwa sababu alipoteza ndoo. Mjomba anashtakiwa kwa shambulio la kudhuru mwili chini ya kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake haizidi miaka 5, na anajitetea kwamba mtoto alianguka kutoka kwenye mkorosho akichuma mabibo. Jaji hawezi kuutazama uso wa yeyote kati yao. Uamuzi mmoja wa Mahakama ya Rufani unampa njia mbili za kupima kuaminika kwa shahidi akiwa na karatasi tu: je, maelezo ya shahidi yanashikamana yenyewe kwa yenyewe, na je, yanapatana na ushahidi wa wengine, ukiwamo wa mshtakiwa?

Fanya vivyo hivyo kwa kalamu. Andika kila jambo alilolisema mtoto katika ushahidi wake wa awali, kisha mbele yake andika alilolijibu kwenye dodoso. Halafu weka maelezo ya bibi, ya jirani na ya tabibu. Tuseme tabibu aliandika kwamba mgongoni palikuwa na alama ndefu zenye mistari miwili sambamba, na ngozi ya katikati haikubadilika rangi. Alama ya namna hiyo ni ya fimbo au kitu kirefu cha duara. Anayeanguka kwenye mti huchubuka viwiko, magoti au upande aliogongea chini. Hapo maneno ya mtoto yamepata mwenzake, na utetezi wa mkorosho umedhoofika bila mtu yeyote kusema kwamba mjomba ni mwongo. Lakini ikiwa tabibu aliandika tu "michubuko mwilini", bila kusema wapi wala umbo gani, ushahidi huo unafuata upande wowote, na jaji makini hatautumia kufunga mlango wa shaka.

Mjomba akibadili maneno na kusema kwamba alikuwa anamwonya tu mtoto wa dada yake, ambaye yeye ndiye mlezi wake, swali linakuwa jingine. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hakikubali adhabu iliyozidi kiasi kwa aina au ukali, ukizingatia umri na hali ya mtoto. Hapo umri ambao pengine haukuonekana muhimu unarudi, na idadi ya alama inahesabiwa.

Tarehe, mikanganyiko na kuchelewa kusema

Watoto hawasemi "tarehe 14". Husema msimu wa korosho, kabla ya Idi, siku ya gulio, shule ilipofungwa. Kifungu cha 234(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinaeleza kwamba tofauti ya muda kati ya hati ya mashtaka na ushahidi si jambo kubwa. Usilichukue hilo bila tahadhari. Pale mshtakiwa anapodai kwamba siku iliyotajwa alikuwa Masasi mnadani, tarehe inakuwa moyo wa kesi, na hati ambayo haikurekebishwa imeshaangusha hatia nyingine. Jiulize kama mshtakiwa alijua ni tukio gani hasa anatakiwa kulijibu.

Kuhusu mikanganyiko, uamuzi wa mwaka 1995 unaitaka mahakama iitaje, ijaribu kuipatanisha, na ikishindikana iamue kama ni midogo au inagusa mzizi wa kesi. Mtoto kusema fimbo ilikuwa ya mwembe na bibi kusema ya mkorosho ni jambo dogo. Mtoto kusema alipigwa na mjomba, na bibi kusema mtoto alimwambia ni mtoto wa jirani, ni mzizi.

Kumtaja mhusika mapema kabisa kunampa shahidi uzito, na ukimya usioelezwa unamfanya jaji aulize maswali. Neno la msingi ni "usioelezwa". Mtoto anayekula, kulala na kuvishwa na anayemshambulia ana sababu ya kunyamaza, lakini sababu hiyo lazima iwe imesemwa kizimbani na kuandikwa. Wakili wa serikali asiyeuliza "kwa nini hukusema siku ile ile?" anaiacha rufaa wazi. Kwa uzoefu wa kusoma majalada, naliona hili kuwa udhaifu unaozuilika kuliko wote.

PF3 na vielelezo vingine

PF3 ni fomu ya polisi ambayo tabibu huandika humo majeraha aliyoyaona. Fungua sehemu ambapo ilipokelewa na tafuta mambo matatu. La kwanza, je, mshtakiwa aliulizwa kama ana pingamizi? La pili, baada ya kupokelewa, je, ilisomwa kwa sauti mahakamani, kama ulivyoelekeza uamuzi wa mwaka 2003? La tatu, je, mshtakiwa aliambiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe, chini ya kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai? Kielelezo kisichosomwa huondolewa katika kumbukumbu, na PF3 iliyopokelewa bila haki hiyo kuelezwa hupatwa na hayo hayo. Hilo likitokea usikate tamaa wala usishangilie. Kama tabibu wa hospitali ya Ligula, ya Sokoine au wa kituo cha afya alifika mwenyewe na kueleza alichokiona, maneno yake ya mdomo yanabaki hata karatasi ikiondoka.

Kumbuka pia mpaka wa PF3: inathibitisha jeraha, haimtaji aliyelisababisha. Hakimu anayeandika kwamba PF3 imethibitisha mshtakiwa ndiye aliyetenda amempa mrufani sababu ya rufaa bila malipo.

Utetezi na mashahidi ambao hawakuitwa

Hukumu ambayo haiupimi utetezi ni hukumu yenye kasoro nzito, na Mahakama ya Rufani ililisema hilo waziwazi katika uamuzi uliochapishwa mwaka 1986. Kuunukuu utetezi kisha kuuacha si kuupima. Siku hizi, hata hivyo, mahakama ya rufaa huweza kuupima yenyewe badala ya kutengua hatia moja kwa moja. Utetezi wa kusingiziwa kwa ugomvi wa shamba la mikorosho au talaka ni wa kawaida huku kwetu. Uzito wake hutegemea kama mshtakiwa aliwauliza mashahidi kuhusu ugomvi huo walipokuwa kizimbani. Aliyenyamaza wakati wa dodoso na kuliibua katika utetezi wake kwa kawaida huonekana amelitunga baadaye, ingawa kwa mshtakiwa asiye na wakili jaji mwenye haki huliangalia hilo kwa upole zaidi.

Kuhusu mashahidi ambao hawakuitwa, uamuzi wa mwaka 1991 unaruhusu mahakama kuhisi kwamba shahidi muhimu aliyekuwapo na hakuitwa angesema jambo baya kwa upande wa mashtaka. Jirani wa kwanza kukimbiliwa na mtoto ni shahidi muhimu. Mwenyekiti wa kitongoji aliyeandika barua tu, mara nyingi si muhimu.

Kuandika sababu za rufaa au majibu

Mahakama Kuu inaweza kuthibitisha hatia, kuitengua, kuweka hatia ya kosa dogo badala yake, kupokea ushahidi wa ziada chini ya kifungu cha 369 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, au kuagiza kesi isikilizwe upya. Usikilizwaji upya hauagizwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake. Kanuni hiyo ni ya mwaka 1966 na bado inashika. Kwa mtoto, kurudi kizimbani miaka mitatu baadaye ni mzigo mkubwa, na ni halali kuitaja hali hiyo katika hoja.

Sababu ya rufaa isemayo "hakimu alikosea kwa kutozingatia ushahidi" haimsaidii mtu. Iandike hivi: "Hakimu alikosea kumtia hatiani mrufani kwa ushahidi wa shahidi wa kwanza, ukurasa wa 9, ambaye hakuahidi kusema kweli kama kifungu cha 127(2) kinavyotaka, na ushahidi uliobaki, ukurasa wa 14 hadi 19, haumtaji mrufani." Anayejibu naye aoneshe kurasa: ahadi ipo wapi, umri ulitajwa na nani, tabibu alisema nini kwa mdomo. Jina la mtoto lisiandikwe kamili katika karatasi yoyote kati ya hizo. Tumia herufi za mwanzo, na uangalie kwamba jina la mzazi, shule na kitongoji havimtambulishi kwa mlango wa nyuma.